Karatasi ya Labo na Zile "Negatifu" Tatu



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya ziwa. Hapa kwetu mtu akisikia neno hilo anafikiri kwanza Tanganika na ndakala wake. Hapana, leo sisemi juu ya ziwa la wavuvi. Ninasema juu ya ziwa la mama, lile lililotunyonyesha sisi wote, na juu ya karatasi inayotoka labo wakati wanganga wamechukua kipande kidogo cha ziwa wakichunguze. Karatasi ya namna hiyo niliisoma vibaya. Kwa hiyo somo la leo linaanza na kosa langu mimi mwenyewe. Mwenye karatasi amenipa ruhusa nilieleze, ila jina lake nisilitaje.

SIKU YA MPOSHO

Ilikuwa mwaka 2019, siku ya mposho, jua limekwisha kuinama. Mama mmoja wa kanisa letu, muuzaji wa mikebuka sokoni, alifika nyumbani kwetu pamoja na bwana wake, ambaye alikuwa ametoka Manono kwenye kazi ya kuchimba kasiterite. Mama alikuwa na kivimbe ndani ya ziwa la kushoto, kigumu, bila maumivu, ukubwa wake kama mbegu ya ngazi. Walichukua kipande, kikatumwa Lubumbashi, wakangoja majuma sita.

"Baba Pasta," bwana akasema, "jibu limefika. Iko mu Kifaransa, na sisi hatujue maneno yake. Utusomee."

Kifaransa changu ni kile cha masomo ya Biblia. Kinanitosha kusoma tangazo na kuhubiri mbele ya wageni. Nikavaa miwani, nikapita haraka maneno marefu ya juu ambayo sikuyafahamu, nikafika chini. Pale niliona mistari mitatu mifupi: RE negatifu. RP negatifu. HER2 negatifu.

Wasomaji, sisi wote tumefundishwa neno hilo kwa kupimwa damu juu ya SIDA. Negatifu ni kushukuru Mungu, pozitifu ni kulia. Basi nikasimama, nikamshika mama mkono: "Mama, Mungu ni mwema. Wametafuta vitu vitatu, vyote vitatu ni negatifu!" Bwana wake akaketi chini kwa furaha. Kesho yake, siku ya Mungu, nikamsimamisha mama mbele ya kusanyiko, wamama wakapiga vigelegele, koro ikaimba.

Franga walizoweka kwa safari ya Lubumbashi, wakanunua manjanja ya nyumba.

Yakapita majuma kumi na moja. Munganga mmoja kijana alikuja kusalimu dada yake hapa Kalemie, akaketi nasi kwa chakula. Katika mazungumzo nikamweleza ushuhuda huo. Akaacha kula. "Pasta, hiyo karatasi iko wapi?" Tukamwita mama, akaileta. Kijana akaisoma polepole, mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Nani aliwasomea hii?"

Nikajibu: "Ni mimi."

Yale maneno marefu ya juu niliyoyaruka, ndiyo yalikuwa jibu lenyewe. Yalisema kansere. Na zile negatifu tatu hazikusema hakuna ugonjwa. Zilisema tu ni kansere ya namna gani. Kivimbe kilikuwa sasa kama yai la kuku.

Tangu siku ile niliuliza wanganga, nikasoma, nikauliza tena, juu sikutaka pasta mwingine ama kijana mwingine wa shule afanye kama mimi. Haya ndiyo niliyojifunza.

KUCHUKUA KIPANDE NI NINI

Ndugu wachimbaji wanafahamu jambo hili mbele ya sisi wengine. Ukiokota jiwe zito jeusi, huwezi kuapa kwa macho tu kama ni kasiterite, ama koltani, ama jiwe la bure. Kipande kinachukuliwa, kinapimwa, ndipo maneno ya bei yanaanza. Vivyo hivyo munganga akigusa kivimbe, ama akikiona kwa ekografi au kwa picha ya ziwa inayoitwa mamografi, anaweza kuwa na mashaka, lakini hawezi kusema neno la mwisho. Neno la mwisho linatoka kwenye kipande. Wanakiita biopsi.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni sindano nyembamba, inayovuta seli chache na maji. Ya pili ni sindano nene kidogo, inayotoa vijiti vidogo vya nyama, vyembamba kuliko mti wa kiberiti. Hii ndiyo wanganga wanaipenda zaidi, kwa sababu inaonyesha namna seli zilivyopangana. Ya tatu ni kisu, kukata sehemu ya kivimbe ama kukitoa chote. Kwa njia ya pili wanachoma kwanza dawa ya kufisha ganzi, na mama anarudi nyumbani siku ileile.

Watu wengi wanaogopa. Wanasema: "Kisu kikigusa ile kitu, inakasirika, inatawanyika mwili mzima." Nimesikia maneno hayo hata kinywani mwa wazee wa kanisa. Si hivyo. Duniani kote wanganga wanachukua kipande mbele ya kuanza dawa, kwa kuwa bila kipande hawajui watibu nini. Kinachotawanya kansere ni kungoja. Mama anayekufa miezi michache nyuma ya biopsi, mara nyingi alifika hospitali wakati ugonjwa ulikuwa umekwisha kusafiri.

SAFARI YA KIPANDE

Kipande kikitoka mwilini, kinaanza kuoza kama samaki aliyetoka majini. Kwa hiyo kinatiwa ndani ya formoli mara moja, isipite saa moja. Formoli ya kweli imechanganywa kwa kipimo cha 10 kwa 100, nayo inapaswa kuwa nyingi, karibu mara kumi ya kipande chenyewe. Si maji, si serumu, si alkoli ya duka. Na kisikae ndani kwa miezi: kwa kazi nzuri inatakiwa saa 6 mpaka saa 72. Kwetu njia ni ndefu, tunajua. Lakini chupa inayosahauliwa chini ya meza juma tatu inaharibu jibu. Kipande kilichotunzwa vibaya kinaweza hata kuonyesha negatifu ya uongo pale chini ya karatasi.

Huko labo kipande kinatiwa ndani ya nta iitwayo parafini, kinakuwa kigumu, kisha mashini inakikata vipande vyembamba sana: gawa milimita moja mara 1.000, uchukue 4 tu, ndio unene wake. Wanakiweka juu ya kioo, wanakipaka rangi mbili, moja ya zambarau inayotoka katika mti wa Amerika, nyingine nyekundu-nyeupe. Halafu munganga wa kazi hiyo, anayeitwa patolojisti, anatazama kwa mikroskopi. Haonani na mama, anaona kioo tu. Kwa hiyo anategemea etiketi. Kama mfuko wa madini usio na etiketi unavyokataliwa, hata chupa isiyo na jina ni hatari, kwani inaweza kumpa mama mmoja jibu la mama mwingine.

Kwetu mara nyingi ni jamaa wenyewe wanaobeba chupa, kwa ndege ama kwa boti. Mbele ya kuondoka mwangalie: jina lote, umri, ziwa la kuume ama la kushoto, siku na saa kipande kilipochukuliwa, na barua ya munganga. Chupa ifungwe vizuri, mbali na watoto na chakula, kwa kuwa formoli ni sumu.

Msidhani kutuma mbali ni aibu ya Kongo peke yake. Jirani zetu wa Rwanda walipofungua hospitali ya kansere kule Butaro, Julai 2012, kwa mwanzo vipande vya wagonjwa vilipanda ndege mpaka Boston, Marekani, vikasomwe kule. Baadaye wakajenga labo yao palepale mlimani. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, kuna Ocean Road mjini Dar es Salaam, hospitali ya zamani ya wakati wa Wajerumani, ambayo tangu 1996 ni taasisi ya kansere. Kampala kuna taasisi ya namna hiyo tangu 1967.

KUSOMA KARATASI, MSTARI KWA MSTARI

Kwanza, juu kabisa. Je, jina ni la mama huyu? Umri ni wake? Ziwa ni lile lenye kivimbe? Msicheke. Anzeni hapo.

Pili, tafuteni mstari wa jibu lenyewe, ule unaotaja jina la ugonjwa. Mara nyingi uko mwisho, chini ya neno "conclusion", lakini si kila mara. Majina ni mengi, ila yanaingia katika nyumba tatu.

Nyumba ya kwanza ni majina yasiyo kansere. Fibroadenoma, ambayo ni kivimbe cha wasichana na wamama vijana, kinachotembea chini ya kidole. Kisti, ambayo ni mfuko wa maji. Mastiti ama usaha, hasa kwa mama anayenyonyesha. Hata kifua kikuu kinaweza kuketi ndani ya ziwa, nacho kina dawa zake. Vivimbe vingi vya ziwa ni vya nyumba hii. Kwa hiyo kijana msichana, usikimbie hospitali kwa hofu. Kimbilia, huenda ukarudi ukicheka.

Nyumba ya pili iko katikati. Kuna seli zilizoanza kwenda vibaya, wanaziita atipia. Na kuna "in situ", maana yake kansere ingali ndani ya mfereji wa maziwa, haijavunja ukuta. Hapo matibabu yanaweza kuimaliza mbele haijaanza safari. Ni jibu la kuharakisha, si la kulala.

Nyumba ya tatu ni kansere iliyovunja ukuta. Neno lake ni karsinoma, nyuma yake mara nyingi "infiltrant" ama "invasif". Ikianza katika mifereji ya maziwa, jina lake linataja mifereji; ikianza katika vifuko vinavyotengeneza maziwa, linataja vifuko. Hili ndilo neno refu nililoliruka.

Tatu, daraja, mnaona "grade" ama herufi SBR. Hizo ni majina ya watu watatu, Scarff, Bloom na Richardson. Wawili wa mwisho walitangaza hesabu hii Uingereza mwaka 1957. Patolojisti anatazama mambo matatu: seli zinapangana namna gani, viini vyake vimeharibika kiasi gani, na zinazaana kwa haraka gani. Kila jambo anatoa alama 1 mpaka 3, kisha anajumlisha. Ikiwa 3 mpaka 5, ni daraja I. Ikiwa 6 ama 7, daraja II. Ikiwa 8 ama 9, daraja III, seli kali zinazokimbia.

Watu wanachanganya daraja na hatua, ile inayoitwa "stade". Fikiri mwivi. Daraja linasema mwivi huyu ana tabia gani, mpole ama mkali. Hatua inasema amekwisha kufika wapi: mlangoni, chumbani, ama amekwisha kuingia nyumba za jirani. Mwivi mkali anaweza kukamatwa angali mlangoni. Kwa hiyo daraja III si sawa na hatua ya 3. Na kipande kidogo hakiwezi kusema hatua yote. Munganga anapima ukubwa wa kivimbe, anagusa tezi za kwapani, anatazama mapafu, ini na mifupa.

Nne, zile herufi zangu. RE na RP ni milango miwili ndani ya seli, ambayo homoni za mama zinaingilia na kuilisha kansere. Ikiandikwa pozitifu, milango ipo. Hiyo ni habari yenye msaada, kwa kuwa kuna dawa ya kufunga mlango. Inayojulikana zaidi ni tamoksifeni, kidonge cha kumeza kila siku kwa miaka 5 ama kupita, kwa amri ya munganga. Ikiwa negatifu, kidonge hicho hakina mlango wa kufunga.

HER2 ni protini inayosukuma seli kuzaana. Alama 0 ama 1+ ni negatifu. Alama 3+ ni pozitifu. Alama 2+ ni mashaka, kipimo kingine kinatakiwa. Ikiwa pozitifu kuna dawa yake, trastuzumabu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2015 katika orodha ya dawa za lazima. Bei yake ingali juu, lakini ni vizuri kujua kuulizia. Pengine mtaona tena Ki-67 na hesabu kwa mia: hiyo inasema ni seli ngapi zilizo katika kazi ya kuzaana.

Zote tatu zikiwa negatifu, inaitwa kansere ya negatifu tatu. Inapatikana zaidi kwa wamama vijana na kwa wamama wa asili ya Afrika. Haisikii tamoksifeni, haisikii trastuzumabu, nayo inakimbia. Lakini inasikia kemoterapi, na mara nyingi wanganga wanaanza na hiyo mbele ya kisu. Basi mwone: pale niliposema mama apumzike, ndipo alipaswa kukimbia kuliko wote.

Na mwone upande mwingine. Nilipata habari ya mchimbaji mmoja aliyesoma "RE pozitifu" katika karatasi ya bibi yake, akafikiri ni SIDA, akamrudisha kwa kaka zake pamoja na watoto wawili. Neno lilelile moja, mimi lilinifanya nishangilie bure, yeye lilimfanya avunje nyumba bure. Herufi hizo hazina neno lolote na SIDA wala na uaminifu wa mama.

Tano, kama ziwa ama kivimbe kimekwisha kukatwa chote, karatasi ya pili itakuja. Itasema ukubwa kwa milimita ama santimita. Itasema pembe za nyama iliyokatwa: zikiwa safi, kisu kilipita inje ya kansere, zisipokuwa safi, pengine kazi inarudiwa. Itasema tezi za kwapani kwa namna ya sehemu, mfano 3/12: tezi 12 zilichunguzwa, 3 zilikutwa na kansere. Ikiwa 0/12, hakuna hata moja.

KAMA KARATASI INASEMA HAKUNA, NA KIVIMBE KINAKUA

Mchimbaji anaweza kupiga shimo pembeni ya mshipa wa madini, akatoa udongo mtupu, na madini yako hatua mbili kutoka pale. Sindano nayo inaweza kukosa. Ikiwa karatasi inasema hakuna kansere, lakini kivimbe kinaongezeka, ngozi inakuwa kama ganda la chungwa, chuchu inaingia ndani, ama damu inatoka, msishike karatasi kama ngao. Rudini kwa munganga, mwombe kipande kingine. Karatasi na mwili vinapaswa kusema neno moja.

HESABU INAYOTUHUSU

Mwaka 2022 wamama milioni 2,3 duniani waliambiwa wana kansere ya ziwa, na watu 670.000 walikufa nayo. Wanaume nao hawakuachwa: karibu nusu mpaka mmoja kwa kila wagonjwa 100 ni mwanaume. Katika nchi tajiri, zaidi ya wamama 90 kwa 100 wanaishi kupita miaka 5. Kwetu Afrika, utafiti mkubwa ulioanza 2014 kwa wamama wa Namibia, Nijeria, Afrika ya Kusini, Uganda na Zambia ulikuta kwamba miaka 3 ikipita, karibu nusu tu walikuwa wazima. Tofauti hiyo imetoka zaidi kwa kuchelewa na kwa matibabu yasiyomalizika.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo hiki: tangu mama afike kwa munganga na kivimbe mpaka ugonjwa ujulikane, zisipite siku 60. Hesabu ya mama wetu ilikuwaje? Majuma sita ya kungoja karatasi, hizo ni siku 42. Halafu siku 77 za mahubiri yangu.

NENO KWA KILA MMOJA

Ninyi wachungaji wenzangu, na ninyi wazee: tusisome karatasi ya labo kama tunavyosoma tangazo. Tusitangaze uponyaji mbele ya munganga kusema. Kuomba kunafaa, na mimi ninaomba. Lakini hata mfalme Hezekia alipougua, Isaya aliyeleta neno la Bwana aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Na Luka alikuwa munganga. Hakuna ugomvi kati ya magoti na dawa.

Ninyi mabwana: mama akikuambia kuna kitu ndani ya ziwa, usimjibu "tutaona mwezi ujao, franga zikitoka". Kivimbe hakijui mwezi wa mshahara. Na ziwa likiondolewa, yeye ni bibi yako yuleyule wa siku ya ndoa.

Ninyi vijana: ni ninyi mnaosoma Kifaransa nyumbani, na karatasi itafika mikononi mwenu. Someni jina, someni mstari wa jibu, kisha mseme kwa unyenyekevu: "Mama, twende kwa munganga atueleze." Msipige picha ya karatasi na kuituma katika kundi la simu. Mwili wa mama si habari ya mtaa.

Mkiwa mbele ya munganga, ulizeni haya, mkaandike majibu katika kaye:

1. Jina la ugonjwa ni nini? Ni kansere ama si kansere?
2. Ikiwa kansere, imevunja ukuta ama ingali in situ?
3. Daraja ni ngapi? Na hatua ni ngapi?
4. RE, RP na HER2 zinasema nini, na kwa sababu hiyo dawa gani inafaa?
5. Tunaanza na nini: kisu ama kemoterapi? Wapi, na lini?
6. Mkitupa karatasi, tunaweza kupata kopi? (Ya kwanza itunzeni nyumbani katika plastiki, msiiache kokote.)

MAMA WETU

Jioni ile ile munganga kijana alipoondoka, nilikwenda kwa mama na bwana wake. Sikutafuta maneno mazuri. Nikasema: "Mimi niliwadanganya bila kujua. Ninyi ni wagonjwa wa kosa langu." Bwana alinyamaza muda mrefu, akatazama juu ya nyumba. Mama ndiye aliyesema: "Pasta, tuuzishe manjanja."

Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama pale pale niliposimama na vigelegele, nikaeleza kusanyiko kwamba nilisoma vibaya. Ilikuwa mahubiri mafupi kuliko yote niliyohubiri. Watu wakatoa. Manjanja yaliuzwa, pungufu ya bei waliyonunulia. Mama akapanda ndege kwenda Lubumbashi na dada yake.

Kemoterapi ilikuja kwanza. Nywele zilianguka, chakula kilimshinda, akarudi mara mbili akitaka kuacha, na mara mbili bwana wake akaacha shimo kule Manono kuja kumrudisha. Kisha ziwa la kushoto likaondolewa. Wanganga walisema dawa ilifanya kazi, ila hawakuficha kwamba zile siku 77 hakuna mtu wa kuzirudisha, na mpaka leo anakwenda kupimwa kwa wakati wake.

Nikiandika haya, mama anauza mikebuka na anaimba katika koro, mstari wa pili. Nyumba yao ingali ya nyasi. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika, alifikiri, akacheka kidogo, akasema: "Andika, Pasta. Lakini mbele ya kutuma, umpe kwanza munganga asome."

Nimempa. Ameisoma, akasahihisha sehemu mbili. Ndipo nimeituma kwenu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Kaeni salama.